Zamu ya Usiku, Tangi la Tatu

Saa tisa usiku, Panevėžys. Nje, nyuzi kumi na nane chini ya sifuri.
Skirmantė anavua glavu moja tu,
anachovya mrija kwenye chupa ya tope la tangi la tatu,
tope lenye rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni,
na kudondosha tone moja juu ya kioo.
Mji mzima umo humo:
sabuni za jana, supu ya bitiruti iliyomwagwa,
mikojo ya wakubwa na ya wachanga.
Anainamia hadubini.
Nimesimama nyuma yake, mwanagenzi wa wiki mbili,
nina daftari na usingizi.

"Njoo umwone," aniambia. "Hana mbele wala nyuma."
Nikadhani asema ufukara.
Kumbe amiba,
anajimwaga kule anakotaka kwenda,
anachomoza mguu ambao punde tu haukuwapo
na punde tu hautakuwapo.
Akimkuta bakteria haumi, hatafuni;
anamkumbatia pande zote
mpaka kumbatio ligeuke tumbo.
Mkono mtupu haulambwi, ndiyo,
lakini wa huyu ndio unaolamba.

Kisha paramesi, kandambili ya kioo,
vinyweleo elfu vyapiga makasia bila nahodha.
Anajizungusha kama parafujo,
anagonga uzi wa taka, anarudi kinyumenyume,
anageuka kidogo, anajaribu.
Anagonga. Anarudi.
Anajaribu.
Mgaagaa na upwa hali wali mkavu,
na upwa wake wote
hauzidi upana wa ukucha wangu.

Lakini Skirmantė hakuja kwa ajili ya hao.
Anazitafuta kengele:
shada la kengele za kioo juu ya vikonyo vyembamba,
vimeshika bonge la tope, midomo juu,
na ukingoni mwa kila mdomo silia zinazunguka,
zinasokota kimbunga kidogo kinachovuta chakula.
Haziendi popote. Maji ndiyo yanayoitwa.
Ukigusa kioo kwa kidole,
chwap!
kikonyo kinajikunja kama springi, kengele inafumba.
Halafu unahesabu. Kufika kumi, kumi na tano,
inanyooka, inafumbua.

Zilikuwa zimefumba kabla hatujagusa.
Tukahesabu hadi arobaini.
Hadi mia.

Ukutani mita zote zina taa ya kijani.
Akampigia simu injinia Žydrius, akamwamsha.
"Kuna sumu imeingia. Nafunga lango, nageuzia maji bwawa la akiba."
"Mita zinasemaje?"
"Mita hazili," akasema. "Zitajuaje?"
Kimya. Nikasikia mtu akitafuta miwani.
"Skirmantė, kama umekosea…"
Alikwisha kata.
Tukazungusha gurudumu la lango sote wawili, chuma kikitung'ata viganja,
mimi nikimlaani moyoni, yeye akikohoa.

Saa kumi na dakika ishirini
taa moja ikapepesa, ikawa nyekundu.
Hakuitazama. Alikuwa anaosha vioo.

Nikamrudisha nyumbani kwa gari langu bovu.
Njiani akaniambia, kama anayetaja hali ya hewa,
kwamba mama yake amefumba mdomo tangu Jumanne,
hataki mtindi, hataki uji wa shayiri,
na dada yake kule Šiauliai anasema mlazimishe.
"Silazimishi," akasema. "Ukigonga ndiyo kabisa."

Akashuka. Taa ya jikoni ikawaka.
Kioo cha gari kilikuwa na barafu, nikakikwangua kwa kadi ya benki
mpaka nikapata tundu la kuonea:
mwanamke amekaa kando ya kitanda,
kijiko kimesimama hewani, hakisogei,
midomo yake yeye ndiyo inayosogea.

Nikaondoa gari.
Sijui alifika ngapi.